Fundi Anajibu: Kabla ya vanishi, tafuta maji yanakoingilia

Mbao za ndani zimepiga weusi, tuanzie wapi?

*Shikamoo fundi. Mimi na kaka yangu tumenunua boti ya tanga kutoka kwa mzee mmoja Mjerumani aliyeamua kurudi kwao. Ni ya faibaglasi, futi 36, iliundwa Hong Kong mwaka 1972 na karakana ya Cheoy Lee. Imekaa kwenye boya hapa Kilifi misimu kadhaa bila mtu kulala ndani. Nje haina neno kubwa, ila ndani mbao zimepoteza sura. Vanishi inabanduka, chini ya madirisha kuna michirizi myeusi, na kiambaza (ukuta wa ndani) kilicho karibu na mlingoti kimefura upande wa chini. Kaka ameazima mashine ya msasa ya duara na tumeshanunua vanishi. Tunataka kuanza Jumamosi. Tupe ushauri, msasa namba ngapi unafaa?*
Msomaji, Kilifi

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa chombo. Mashine ya msasa irudisheni kwa mwenyewe. Makopo ya vanishi yawekeni kivulini, yatasubiri. Kazi ya mbao za ndani ya boti ya zamani huanzia juu ya sitaha, na mkiingia na msasa Jumamosi hii mtaharibu kwa siku moja kitu kilichodumu zaidi ya miaka 50.

Kwanza mjue mlichonacho. Karakana iliyounda boti yenu ilianzia Shanghai mwaka 1870, ikahamia Hong Kong kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mahali walipokuwa na yadi yao kubwa, Penny's Bay katika kisiwa cha Lantau, leo pamejengwa Disneyland ya Hong Kong. Miaka ile ya 1960 na 1970, mafundi wa Hong Kong, na baada yao wale wa Taiwan, walikuwa wakiwaundia Wamarekani na Wazungu boti za faibaglasi ambazo ndani zimejaa mtiki. Mti ulipatikana jirani na ujira wa fundi ulikuwa mdogo, kwa hiyo pale ambapo yadi ya Ulaya ingebandika plastiki, wao waliweka mbao, wakaichonga na kuifungia viungo vya seremala wa samani. Mtiki ule ulitoka katika misitu ya asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, miti iliyokua polepole, yenye mafuta mengi na pete zilizobanana. Mbao ya namna hiyo leo huiagizi dukani. Ndiyo maana nawasihi muende taratibu.

Lakini si kila kinachoonekana mtiki ni mtiki mtupu. Fremu za milango, reli za kushikia, vijiti vya milango ya makabati vinavyopitisha hewa, kingo za meza na ngazi ya kushukia, hivyo kwa kawaida ni mbao kamili. Paneli pana, yaani viambaza, migongo ya viti na pande za makabati, ni plaiwudi iliyovikwa ganda la mtiki. Ganda hilo mara nyingi halifiki milimita moja. Mashine ya duara ikikaa mahali pamoja muda wa kugeuka kuitikia mtu aliyekuita, imeshatoboa, na chini yake linatokea doa jekundu la gundi na mti mwingine kabisa. Hakuna vanishi ya kulificha.

Kutofautisha ni rahisi. Fungueni mlango wa kabati mtazame ukingo wake. Kama nyuzi za mti za usoni zinapinda na kuendelea pembeni, hiyo ni mbao kamili. Kama pembeni mnaona matabaka, au mnaona kijiti kilichobandikwa kuficha matabaka, ni plaiwudi. Mahali pengine pa kuchungulia ni tundu lolote lililokatwa kupitisha waya za umeme au bomba la jikoni. Mafundi hawakujisumbua kuremba matundu hayo, na humo mtaona unene wa ganda waziwazi. Chukueni penseli, kila paneli muiandike kwa ndani: kamili au ganda. Mkiwa na orodha hiyo mikono yenu itajua pa kukaza na pa kulegeza.

Sasa maji. Michirizi myeusi chini ya madirisha ni mvua. Watu wa pwani tunaogopa maji ya chumvi, lakini kinachoozesha mbao ya chombo zaidi ni maji baridi yanayoingia kidogokidogo na kukaa mahali pasipo hewa. Chumvi huwazuia kuvu kukua, mvua huwalisha. Mabaharia wa majahazi wanaomwagia sitaha maji ya bahari jua likiwa kali wanajua wanachofanya.

Tena maji hayaingilii pale mnapoona doa. Sitaha za boti nyingi za wakati ule zilitandikwa vipande vya mtiki juu ya faibaglasi na kufungwa kwa skrubu, mamia kwa mamia, na kila skrubu ni tundu. Maji huingia kwenye skrubu moja, husafiri ndani ya sitaha, kisha hudondoka mita mbili mbele kwenye kona ya dirisha lisilo na kosa lolote. Dirisha linalaumiwa, linazungushiwa silikoni, na mvua ijayo maji yanatoka palepale.

Fanyeni hivi. Siku ya jua, ndani pakiwa pakavu, ondoeni magodoro yote na vibao vyovyote vinavyobanduka darini bila kuvunja. Pakeni chaki ya shule juu ya kila mshono mnaoushuku: pembe za madirisha, chini ya nguzo za reli, pale vyuma vya kushikia waya za mlingoti vinapopenya sitaha. Mmoja abaki ndani na tochi, mwingine apande juu na mpira wa maji. Aanzie sehemu ya chini kabisa, karibu na ukingo, akae hapo dakika kumi au zaidi, ndipo apande sehemu inayofuata. Maji yasipigwe kwa nguvu, yatiririke tu kama mvua. Aliye ndani asichoke kutazama. Tone la kwanza litachora mstari mweusi kwenye chaki, na huo mstari mnaufuata kwenda juu hadi mlango wake. Mkianzia juu, kila kitu kitalowa kwa pamoja na hamtajua tundu ni lipi.

Mkilipata, fungueni kile chuma, msipake kitu juu yake. Tundu la skrubu litanueni kidogo kwa drili, likauke kabisa, lijazeni epoksi (gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu), likiganda toboeni upya katikati. Hapo hata gundi ya kuziba ikichoka miaka ijayo, maji yatakuta epoksi, hayatakuta moyo wa sitaha. Na silikoni ya madirisha ya nyumba msiilete botini. Mahali silikoni ilipogusa vanishi haishiki, na kuiondoa yote kwenye nyuzi za mti ni kazi ya kukatisha tamaa.

Nimekiacha kiambaza hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndicho kinachonikosesha usingizi kwa niaba yenu. Hicho hakikuwekwa kutenganisha vyumba tu. Katika boti ya faibaglasi, kiambaza cha karibu na mlingoti ndicho kinachozuia mwili wa boti usibanwe na kujikunja pale waya za mlingoti zinapovuta juu na mlingoti wenyewe unaposukuma chini. Kimeshikwa ubavuni kwa mikanda ya faibaglasi iliyobandikwa pande zote mbili. Katika boti nyingi, hata vyuma vya kushikia waya vimefungwa kwa bolti kwenye plaiwudi hiyohiyo. Maji yakishuka kando ya chuma huingia kwenye tundu la bolti, na plaiwudi inaanza kuoza kwa ndani huku ganda la mtiki likibaki zuri usoni.

Chukueni bisibisi, muigeuze, mgonge kwa mpini wake kuanzia juu mkishuka chini, kila baada ya upana wa viganja viwili. Mbao nzima inajibu kwa mlio mkali, mfupi. Iliyooza inajibu kwa mlio mzito usiorudi. Wekeni alama ya penseli pale mlio unapobadilika. Kisha tafuteni mahali palipofichika, nyuma ya mto wa kiti au ndani ya kabati, mchome kwa kitu chenye ncha. Ncha ikizama bila kupingwa, hakuna haja ya kubishana nayo. Angalieni pia ule mkanda wa faibaglasi: ukiingiza ubapa wa kisu kati yake na mbao na kisu kikapita, umeachia. Fungueni na bolti moja ya kile chuma mkiwa na boti imetulia, baada ya kuweka kamba ya akiba kuuegemeza mlingoti upande huo. Chuma kisichoshika kutu kikikaa ndani ya mbao yenye maji na bila hewa huliwa palipofichika, kinaonyesha nyufa nyembamba na rangi ya kahawia. Mkikuta hivyo, au mkikuta uozo umefika kwenye bolti, msitweke tanga hadi mtu mzoefu wa faibaglasi akione kiambaza kwa macho yake. Kama uozo ni wa chini tu na haujafika huko, sehemu mbovu hukatwa ikatiwa plaiwudi ya baharini kwa kiungo cha mshazari kirefu, mara nane ya unene wa ubao au zaidi, kikagandishwa kwa epoksi na kufungwa mikanda mipya.

Mtashangaa kuona vipande vikubwa havipiti mlangoni. Boti nyingi za aina hii zilijengwa ndani kwanza, sitaha ikafunikwa baadaye. Kwa hiyo tafuteni mpangilio wa fundi wa kwanza. Kipande kilichofunika vichwa vya skrubu za kingine ndicho kilichowekwa mwisho, nacho ndicho cha kwanza kutoka. Skrubu zenyewe zimefichwa chini ya vizibo vya mtiki vya mviringo. Kizibo msikichokonoe kwa patasi, mtaumiza kingo. Toboeni tundu dogo katikati yake, ingizeni skrubu nyembamba mkizungusha polepole. Ncha ikigusa kichwa cha skrubu iliyo chini, kizibo kitaanza kupanda chenyewe na kutoka kizima. Wakati wa kurudisha, kizibo kipya kilazeni nyuzi zake zifuate nyuzi za ubao, na mkishikize kwa vanishi badala ya epoksi. Atakayekuja kufungua baada yenu atawaombea dua.

Weusi uliobaki kwenye mtiki baada ya kukauka ni wa aina mbili. Ule unaozunguka kichwa cha skrubu au kushuka chini ya chuma ni kutu iliyokutana na tanini, asidi ya asili iliyo ndani ya mti. Huo hutoka kwa asidi ya okzaliki, chembechembe nyeupe zinazouzwa kwenye maduka ya kemikali. Koroga katika maji ya moto, paka kwa brashi paneli nzima kutoka ukingo hadi ukingo, usipake doa peke yake, la sivyo utabaki na kiraka cheupe. Iache nusu saa, kisha suuza kwa maji safi mara kadhaa na uache ikauke siku mbili tatu. Vaeni glavu na miwani, na msipige msasa kabla ya kusuuza, maana vumbi lake linachoma koo na ni sumu. Weusi wa pili ni wa ukungu uliozama, ambao hupungua kwa dawa hiyohiyo lakini hauishi wote. Mimi huuacha. Doa la kweli lililokauka halidhuru ubao, na kulifukuza kwa msasa kwenye ganda la nusu milimita ndiko kunakoharibu.

Vanishi ya zamani iondoeni kwa mashine ya hewa moto na kikwangulio kilichonolewa, kwenye mbao kamili tu. Kwenye ganda, joto likizidi gundi inaachia na ganda linavimba. Huko tumieni dawa ya kulainisha rangi na subira. Msasa ni wa mkono, umezungushiwa kipande cha mbao laini, namba 120 pale tu penye haja, halafu 180 na 220, kufuata nyuzi za mti siku zote. Futeni kwa kitambaa chenye asetoni muondoe mafuta ya mtiki juujuu, na mpake siku hiyohiyo. Mkono wa kwanza wa vanishi uwe mwepesi, nusu vanishi nusu kiyeyushi chake, ili uzame. Wa pili mpunguze kiyeyushi, kisha mitatu mizima inatosha, kwa sababu ndani hakuna jua la kuila. Mkono wa mwisho napenda usiong'aa sana. Boti yenye madirisha madogo ikipakwa vanishi ya kung'aa kila mahali inachosha macho.

Kama mkifuata njia hii, vanishi itawaangukia Januari au Februari, kaskazi ikivuma na hewa ikiwa kavu. Ni wakati mzuri. Aprili msijaribu.

Mbao za sakafu zimekwama

*Fundi, heshima yako. Nina boti ndogo ya tanga hapa Tanga. Sakafu yake ya kabini ni ile ya mtiki wenye mistari myeupe. Mbao zimefura, hazinyanyuki, na ganda limekwanguka katikati tunapopita. Rafiki amenishauri niing'oe yote niweke mninga, niifunge kwa skrubu isitikisike. Unasemaje?*
Msomaji, Chumbageni

Ndugu yangu, mninga ni mti mzuri nami nimeutumia maisha yangu yote, lakini shauri la kufunga sakafu kwa skrubu lisahau. Chini ya sakafu ndiko kuna ngama, pale maji yaliyoingia botini yanapojikusanya. Siku bomba litakapopasuka usiku, utataka kunyanyua ubao kwa kidole kimoja na kuona maji yanatoka wapi. Ubao ulionasa ni hatari hata kama boti yote ni mpya. Kama unaogopa mbao zisiruke boti ikilala, weka vitasa vya kugeuza vinavyofunguka kwa mkono.

Zimefura kwa sababu vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa, havikuwahi kupakwa kitu. Mti hunywa maji kwa kichwani mara nyingi zaidi kuliko ubavuni, na plaiwudi hunywa kwa kingo zake zote nne. Zitoe kwa kabari za mbao, bila nyundo ya chuma. Ziache kivulini, zimeegeshwa na kupinduliwa kila siku, hadi uzito wake uwe mwepesi mkononi. Ukiweza kuazima kipima unyevu, subiri kishuke chini ya asilimia 15. Kisha piga randa kingo ziwe na nafasi ya milimita mbili au tatu kila upande, halafu epoksi kwenye kingo na uso wa chini, mikono mitatu.

Kama ganda limekwisha kabisa, kata ubao mpya ukitumia ule wa zamani kuwa kielelezo. Kwako Tanga una bahati, shamba la mitiki la Longuza liko Muheza, na mbao zake utazipata mjini. Elewa tu kwamba mtiki wa shambani ni mchanga, pete zake pana na mafuta machache kuliko ule uliokuja na boti, kwa hiyo unahitaji kukingwa zaidi. Chagua mbao ambazo ukitazama kichwani pete zimesimama wima. Hizo hazipindi sana na hazitoi vibanzi chini ya unyayo. Kata vipande vya milimita nne, vibandike juu ya plaiwudi ya baharini, na kwa mistari myeupe tumia mbao kavu ya mpodo, mti wenye rangi nyeupe. Ukiuziwa plaiwudi kwa jina la ya baharini, chemsha kipande cha kiganja saa kadhaa, ukikaushe, kisha jaribu kukibandua kwa kisu. Gundi isiyostahimili maji haifichiki hapo.

Sakafu usiipake vanishi ya kung'aa. Mguu wenye maji, boti imelala, na mtu amebeba sufuria ya moto: hapo utanikumbuka. Vanishi ya kufifia mikono miwili juu ya mbao iliyokingwa inatosha.

Mafuta ya nazi badala ya vanishi?

*Babu yangu alikuwa akipaka mlango wa nyumba mafuta ya nazi na ulidumu. Naweza kufanya hivyo kwenye makabati ya boti yangu?*
Msomaji, Nungwi

Mlango wa babu yako, Mungu amrehemu kama ametangulia, ulikuwa na jua na upepo. Ndani ya boti hakuna hivyo. Mafuta ya nazi hayakauki kuwa ngozi, hubaki mafuta, hushika vumbi, huota ukungu na baada ya muda hunuka. Ukitaka sura ya mafuta, tumia yanayokauka, ya kitani au yaliyochanganywa na vanishi, na upake kidogo, ufute yote yanayobaki juu baada ya robo saa. Ndani ya kabati lenyewe, ambako nguo na unga hukaa, mimi sipaki mafuta kabisa. Huko naweka vanishi nyepesi, na kama mlango hauna matundu ya hewa nayatoboa.

Jambo moja nakuomba ulichukulie kwa uzito. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye kona kinapata joto chenyewe hadi kinawaka moto, bila kiberiti, bila mtu. Vitambaa vyote vitandike nje juu ya mawe, kimoja kimoja, vikauke vigumu, au uvizamishe kwenye ndoo ya maji. Usiviache botini hata ukienda kusali na kurudi.

Nafasi kati ya mbao: niizibe?

*Habari fundi, nakusoma nikiwa Kiel, Ujerumani. Baba mkwe ametuachia boti ya mbao aina ya Folkeboot ya miaka ya 1950. Ndani, kandokando ya vitanda, kuna vipande vya mbao vilivyopigiliwa juu ya mataruma (mbavu za boti) vikiwa na nafasi kati yake, na baridi inapita. Mke wangu anataka tuweke paneli nzima, safi. Nimesita kwa sababu mzee hakuwahi kuiziba.*
Msomaji, Kiel

Umefanya vema kusita, na mweleze shemeji yangu sababu kwa upole, maana nia yake ni njema.

Boti hiyo ina historia ya kuheshimiwa. Watu wa nchi za Skandinavia waliandaa shindano la kuchora boti ya bei nafuu ambayo mtu wa kawaida angeimudu. Hakuna mchoro ulioshinda, hivyo Tord Sundén akapewa kazi ya kuunganisha mazuri ya michoro kadhaa, na boti ya kwanza ikashushwa majini Göteborg mwaka 1942. Ina urefu wa mita 7.64. Mbao zake za nje zimepandana, kila moja ikilalia ukingo wa iliyo chini yake, zimefungwa kwa ribiti za shaba kwenye mataruma membamba. Ndani palikusudiwa pawe pachache: vitanda, jiko dogo, pa kuweka nguo. Mwenye boti aweze kuona chombo chake.

Zile nafasi ni za kupitishia hewa. Vipande vya mbao vipo kuzuia godoro na nguo zako zisiguse mbao za nje zenye unyevu. Nafasi zipo ili hewa ipande kutoka ngamani, ipite nyuma ya vipande, itoke juu. Ukiziba kwa paneli, pumzi za watu wawili waliolala zitagandia nyuma yake kwenye ubao wa baridi, maji yatashuka hadi pale taruma linapokutana na mkuku (uti wa mgongo wa boti), na hapo yatakaa majira yote. Mbao chini ya asilimia 20 ya unyevu haiozi. Nyuma ya paneli hutaweza kuibakisha chini ya hapo. Ukiingia kwenye jahazi Lamu au Nungwi, utaona mataruma yako wazi, na nahodha anaweza kupitisha mkono kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Mabaharia wa Baltiki na wetu hawakukaa darasa moja, lakini tatizo lao ni moja.

Kwa baridi, wekeni mkeka mnene au zulia la sufu linalotundikwa kwa ndoano usiku na kuondolewa asubuhi. Vipande vyenyewe vitoe kimoja kimoja majira ya baridi boti ikiwa nchi kavu, uviandike namba kwa nyuma, kulia na kushoto, kutoka omo. Safisha uchafu uliojikusanya juu ya kila taruma, maana hapo ndipo uozo unapoanzia, kisha tazama mataruma kwa tochi ukiilaza ubavuni. Ufa wa kukatisha kwenye mkunjo wa chini hutokea sana kwenye boti za umri huo. Andika ni mataruma yapi. Mawili matatu yaliyotengana fundi wa huko atayaongezea mapya kando yake. Yakiwa yamefuatana upande mmoja, usiende nayo majini kabla hayajashughulikiwa. Usipake vanishi nzito nyuma ya mbao, paka mafuta mepesi yanayokauka ili unyevu uweze kutoka.

Na mkiishusha majini majira ya kuchipua, tegemeeni kuvuja. Mbao zimekauka miezi mingi, zinahitaji kunywa na kubanana. Msiingize chochote kwenye mishono ya ndani wakati huo, kwa sababu ubao ukifura utakitoa au utavunja ribiti. Wekeni pampu, mtu mmoja alale karibu usiku wa kwanza na wa pili, na mbao za sakafu pamoja na vile vipande vya pembeni vibaki nyumbani hadi muone kwa macho yenu kwamba ngama inabaki kavu asubuhi.